Mablanketi Yaliyopitisha Mwanga: Kisa cha Ununuzi wa Mtandaoni katika Kambi Moja ya Mafunzo, Nyanda za Juu Kusini

Usuli

Kambi inayozungumziwa hapa ni ya mafunzo ya kijeshi, iko mahali fulani kati ya Iringa na Mbeya, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka barabara kuu iendayo Tunduma. Jina lake, namba ya kikosi, mwaka wenyewe na majina ya wahusika vimeondolewa. Idadi za vifaa na bei zake zimebadilishwa kwa uwiano, ili asiwepo wa kuzihesabu kinyumenyume. Sababu ya tahadhari hiyo itaonekana mbele, kwa kuwa idadi yenyewe iligeuka kuwa sehemu ya kisa. Mimi niliitwa pale nikiwa mtaalamu wa ununuzi na ugavi kutoka nje, kukisaidia kitengo cha ununuzi kuhamishia manunuzi yake mtandaoni, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayosimuliwa yalipita mikononi mwangu nami sikuyaona.

Kabla ya hapo kambi ilinunua kwa njia ambayo kila aliyewahi kufanya kazi katika stoo ya serikali anaifahamu. Karani wa ugavi alipewa posho na gari, akateremka mjini kutafuta profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji watatu, za kila bidhaa, akarudi nazo zikiwa na mihuri mitatu tofauti na, mara nyingi mno, mwandiko mmoja. Mwenye duka la jumla aliyezoeleka aliombwa asaidie na mbili nyingine, naye alikuwa na mhuri wa shemeji yake na wa jirani yake ndani ya droo. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa bidhaa zilifika, zilikuwa nzuri, na muuzaji aliijua kambi kiasi cha kujua ni maharage ya aina gani yanayoiva mapema kwenye masufuria ya jikoni kwao. Nalitaja hili tangu mwanzo kwa sababu mazoea hayo, pamoja na ubovu wake wote, yalibeba maarifa ambayo hayakuwa yameandikwa popote, na tulipoyaacha mazoea tuliyaacha maarifa pamoja nayo.

NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, ulichukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, mwaka 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huo ikaufanya mfumo wa kielektroniki kuwa njia ya kawaida ya taasisi za umma kununua. Vyombo vya ulinzi na usalama vina utaratibu wao kwa mahitaji ya siri, na hayo hayahusiki hapa. Tulichokishughulikia kilikuwa upande wa wazi kabisa: mablanketi, viazi, maharage, sabuni na buti.

Mahitaji ya robo ya nne

Makuruta walitarajiwa kuripoti mwanzoni mwa Juni. Kwa asiyeujua mkoa wa Iringa au Mbeya, Juni na Julai ni miezi ambayo asubuhi majani huwa meupe kwa umande ulioganda, hasa maeneo ya juu, na kijana aliyetoka Pwani au Tabora hulala akiwa amevaa kila alichokuja nacho. Kwa upande wa fedha, mwaka wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Baridi na kufunga mwaka vikakutana, na kitengo chenye watu watatu, mmoja wao akiwa mgeni kazini, kilipaswa kununua kila kitu katika wiki zisizozidi kumi.

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu uliokuwa mzuri kuliko yote, ulikuwa kukusanya mahitaji ya idara zote za kambi katika mpango mmoja kabla ya kutangaza chochote. Awali jiko lilinunua kivyake, zahanati kivyake, na bweni la wasichana likanunua sabuni ileile kwa bei nyingine. Kuyaweka pamoja kulichukua siku nne za mabishano, na idara mbili ziligundua kwamba zilikuwa zikiagiza mifagio ya mwaka mzima kila robo.

Mablanketi

Tangazo la mablanketi lilikuwa na mstari mmoja wa maelezo, nao nauandika kama ulivyokuwa: “Blanketi zito la rangi ya kijivu, kwa matumizi ya bweni.” Aliyeliandika alikuwa amelinakili kutoka kwenye hati ya miaka ya nyuma, na hati hiyo ilitosha wakati ule kwa sababu muuzaji alikuwa mmoja na alijua kinachotakiwa. Safari hii walijitokeza wazabuni kumi na mmoja, wengi wao kutoka Dar es Salaam, na bei zikatoka shilingi 14,000 hadi 31,000 kwa blanketi moja. Tulifurahi. Katika historia ya kambi hiyo hapakuwahi kuwa na ushindani wa watu kumi na mmoja juu ya kitu chochote. Mwenye bei ya 14,000 aliondolewa kwa kukosa nyaraka, na aliyefuata, kwa 15,500, akashinda.

Lori liliwasili siku tisa kabla ya makuruta, likiwa limechelewa kwa siku moja kutokana na foleni ya malori mlimani Kitonga. Kamati ya ukaguzi na mapokezi iliketi mbele ya stoo. Sajenti wa stoo, mtu wa miaka mingi katika kazi ile, alifungua marobota mawili, akatoa blanketi moja, akalikunjua na kulinyoosha mbele ya dirisha. Tuliona kivuli cha nondo za dirisha vizuri kabisa. Halafu akalikunja, akaliweka juu ya mizani ya unga, na karibu yake akaweka la zamani kutoka bwenini. La zamani lilikuwa na kilo mbili na gramu mia nne, na jipya lilikuwa na kilo moja na gramu mia mbili.

“Afande,” alimwambia kapteni aliyeongoza kamati, “hili hata paka wa jikoni halimtoshi.”

Kapteni alitaka mzigo urudi. Mzabuni, kwa simu na kwa adabu, akamwomba amsomee maelezo ya tangazo. Rangi ni kijivu? Ndiyo. Linafaa kutandikwa bwenini? Ndiyo. Na neno “zito” lilipimwa kwa gramu ngapi? Hapo kapteni alinitazama mimi, nami nikaangalia karatasi ambayo nilikuwa nimeipitia mwenyewe na kuiwekea alama ya vema.

Tulikuwa na njia mbili. Tungeweza kuukataa mzigo na kuingia katika mgogoro ambao maandishi yetu wenyewe yangetushinda, huku vijana wakilala na baridi. Au tungeupokea na kutafuta namna ya kuutumia. Mkuu wa kambi alichagua njia ya pili, na agizo la nyongeza likatolewa ili kila kuruta apate mawili. Mafundi cherehani wa kambi wakayaunganisha mawilimawili kwa mishono ya mraba, kazi iliyowachukua usiku sita. Hesabu ni rahisi na inauma: mablanketi mawili kwa 15,500 ni 31,000, bila kuhesabu uzi na usingizi wa mafundi, wakati mfanyabiashara mmoja wa Iringa alikuwa ameleta ofa ya 27,000 kwa blanketi lenye uzito wa lile la zamani, na tulimwacha kwa kuwa yuko ghali.

Viazi: gunia lina kilo ngapi?

Kosa la viazi lilikuwa la jamii hiyohiyo, ila tuliliwahi. Tangazo liliomba bei kwa gunia. Ofa tatu zilizobaki mwishoni zilikuwa 52,000, 60,000 na 71,000, na ile ya juu ilikuwa ya kikundi cha wanawake wakulima kutoka upande wa Mbeya, waliokuwa wakiuza mtandaoni kwa mara ya kwanza. Mfumo uliwapanga kwa bei kama ulivyotakiwa. Aliyeshtuka ni mpishi mkuu, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya tathmini kwa bahati tu, maana mjumbe aliyeteuliwa alikuwa mgonjwa. Aliuliza kama hao wa 71,000 wanauza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Nilimpigia mwenyekiti wao. Alicheka. “Mwanangu, gunia si ni gunia? La kwetu lina kilemba chake juu.” Tulipombana, akakadiria kilo 135. Mwenye 60,000 alikuwa na gunia la kilo 100, na mwenye 52,000, baada ya kuulizwa mara mbili kwa maandishi, alikiri kwamba lake ni la kilo 80. Kwa kilo, basi, aliyeonekana wa bei nafuu alikuwa akiuza kwa shilingi 650, wa katikati kwa 600, na akina mama walioonekana ghali walikuwa wakiuza kwa 526 hivi.

Hatukuweza kuwapa zabuni kwa hesabu hiyo ya mezani, kwa kuwa tangazo halikusema kilo, na lumbesa yenyewe hairuhusiwi: Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita kwa miaka, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Zabuni ilifutwa na kutangazwa upya kwa kilo, kwa viazi vya ukubwa uliotajwa, visivyochipua wala kuwa vya kijani, vikiwa ndani ya magunia yasiyozidi kilo 100 na vikifikishwa hadi mlango wa stoo. Kikundi kilirudi na bei ya 540 kwa kilo pamoja na usafiri, kikashinda waziwazi. Wangeweza pia kuingia kupitia asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa ajili ya makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, lakini hawakuhitaji upendeleo huo. Walichokihitaji ni mtu wa kukaa nao siku nzima wakati wa kujisajili, kuanzia namba ya mlipakodi hadi leseni, na kazi hiyo ilifanywa na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kwa simu yake mwenyewe na kwa bando lake mwenyewe.

Maharage na sabuni havina la kusimuliwa zaidi ya kwamba vilinunuliwa vizuri.

Buti na suala la idadi

Hapa ndipo kisa hiki kinapoachana na ununuzi wa shule au hospitali. Rasimu ya tangazo la buti ilikuwa imeandaliwa kwa umakini mkubwa, pengine kwa sababu tulikuwa tumeumwa na mablanketi. Ilikuwa na ngozi ya juu, soli, urefu wa kisigino hadi shingo, na jedwali la saizi: jozi ngapi za saizi ya tano, ngapi za sita, na kuendelea, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuzifikisha na mahali. Mkuu wa kambi aliisoma akiwa amesimama. Akairudisha mezani.

“Hii,” alisema, “ni orodha ya gwaride.”

Alikuwa sahihi, na katika wiki zote zile hapakuwa na mmoja wetu, watu wa ununuzi, aliyekuwa ameliona. Bidhaa haikuwa ya siri. Kila mtu anajua kuruta huvaa buti. Lakini jedwali lile, likisomwa pamoja na tarehe ya kupokea na tangazo la mablanketi lililokwisha kutolewa, lilimweleza msomaji yeyote mwenye intaneti ni vijana wangapi watakuwepo, wapi, kuanzia lini, na hata wangapi kati yao ni wasichana. Sheria ya ununuzi inadai uwazi kwa sababu nzuri, na kambi inahitaji kuficha idadi yake kwa sababu nzuri pia. Aliyebuni fomu ya tangazo hawezi kuamua ni ipi ipewe nafasi, na kazi hiyo inabaki kwa wenye kambi.

Ufumbuzi uliochaguliwa ulikuwa mkataba wa mwaka wenye maagizo ya vipindi. Tangazo lilitaja makadirio ya juu kwa mwaka mzima na ubora wa buti kwa ukamilifu, na wazabuni wakashindana kwa bei ya jozi moja ya saizi yoyote. Idadi halisi, saizi na tarehe zilipelekwa kwa mshindi baada ya mkataba kusainiwa, kwa barua iliyopelekwa kwa mkono. Gharama ya uamuzi huo ilionekana mara moja: kwa kuwa wafanyabiashara hawakujua wataagizwa lini na kiasi gani, bei ilipanda kwa takriban shilingi 2,000 kwa jozi kuliko tulivyotarajia. Mkuu aliikubali bila kubishana. Kwa upande mwingine, kwa kuwa saizi zilipelekwa baada ya vijana kupimwa, ilikuwa mara ya kwanza, kwa maelezo ya matroni wa bweni, ambapo wasichana hawakulazimika kuvaa soksi tatu ili buti ya saizi ya nane isimame mguuni.

Nywila ya mkubwa

Nitalieleza hili kwa ufupi, ingawa kwa mkaguzi ndilo zito kuliko yote. Mfumo unamtaka afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za taasisi, hapa mkuu wa kambi, aidhinishe mwenyewe hatua fulani. Mkuu alikuwa na kazi nyingi, mtandao wa kambini ulikuwa hafifu kiasi kwamba karani alipanda kilimani nyuma ya tangi la maji ili apate mnara, na ikawa jambo la kawaida karani huyo kuwa na nywila ya bosi wake. Mkaguzi wa ndani alipopitia kumbukumbu, alikuta idhini moja imetolewa saa mbili na dakika arobaini usiku, siku ambayo mkuu alikuwa porini kwenye zoezi lisiloruhusu simu. Hapakuwa na wizi, na karani alikuwa ametekeleza maagizo ya mdomo kama askari yeyote angefanya. Lakini profoma tatu za mwandiko mmoja zilikuwa zimerudi kwa mlango wa nyuma. Nywila ilibadilishwa siku hiyohiyo, na kukaimu kukawa kwa barua na kwa akaunti ya anayekaimu.

Matokeo

Muda kutoka ombi la idara hadi hati ya kuagiza, kwa vyakula, ulishuka kutoka siku 38 hadi 11. Safari za karani mjini zilikoma karibu zote. Wauzaji waliowahi kuiuzia kambi kwa miaka iliyotangulia walikuwa wanne. Robo hiyo waliuza tisa, sita kati yao wakiwa wa Nyanda za Juu Kusini. Mablanketi yalikuwa hasara. Buti zilikuwa ghali kidogo na nzuri sana.

Malipo hayakubadilika hata kidogo. Kikundi cha viazi kililipwa siku 74 baada ya kufikisha mzigo, na ili kulipia lori walikuwa wamekopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kwa riba ya kila mwezi.

Uchambuzi

Wanaojadili ununuzi wa kijeshi mtandaoni hupenda kutaja mfano wa Marekani, kwa hiyo ni vema kuutazama kama ulivyo. Sheria ya idhini ya ulinzi wa taifa (NDAA) ya mwaka wa fedha 2018, iliyosainiwa Desemba 2017, iliagiza katika kifungu cha 846 kwamba serikali ianze kununua bidhaa za kawaida kupitia masoko ya kibiashara ya mtandaoni. Mwaka 2020 taasisi ya ununuzi ya serikali, GSA, iliingia mikataba ya majaribio na kampuni tatu, Amazon Business, Fisher Scientific na Overstock Government, lakini kwa manunuzi madogo tu, ambayo kikomo chake wakati huo kilikuwa dola 10,000. Jeshi lenyewe lina soko lake la ndani, FedMall, linaloendeshwa na wakala wa ugavi wa ulinzi. Na kwa nguo, viatu, mahema na chakula, kuna sharti la tangu mwaka 1941, liitwalo Berry, linaloitaka wizara ya ulinzi inunue vilivyotengenezwa nchini humo pale ununuzi unapozidi kiwango fulani. Kwa maneno mengine, blanketi na buti, vitu viwili vilivyotutoa jasho, ni miongoni mwa vitu ambavyo Wamarekani wenyewe hawakuvitupa sokoni ovyo. Walianza na vya dukani. Sisi tulianza na kila kitu kwa wakati mmoja, kwa sababu ya tarehe 30 Juni.

Kuhusu mablanketi, nimesikia wengi wakisema tatizo ni sheria inayomlazimisha mnunuzi kumchukua mwenye bei ya chini. Sikubaliani nao. Bei hulinganishwa kati ya ofa zilizotimiza matakwa, na matakwa yetu yalitimizwa na kitambaa chochote cha kijivu. Muuzaji wa zamani alikuwa akijaza pengo la maandishi yetu kwa maarifa yake, na alilipwa kwa kuyajaza. Mgeni hana sababu ya kufanya hivyo. Sajenti mwenye mizani na mpishi aliyejua lumbesa walikuwa kambini siku zote, ila utaratibu uliwaleta mezani mzigo ulipokwisha kufika, au mjumbe mwingine alipougua.

Kufuta zabuni ya viazi kulitugharimu siku sita, na wapo waliolalamika. Ulikuwa uamuzi sahihi, tena ungekuwa rahisi kuukwepa, kwani mwenye 52,000 alikuwa tayari kwenye skrini akiwa wa kwanza na hapakuwa na mtu ambaye angetulaumu kwa kumchagua.

Suala la idadi halijamalizika. Mkataba wa mwaka umeficha jedwali la buti, lakini chakula bado hutangazwa kwa kilo kwa robo, na mtu mwenye kalamu anaweza kugawa kilo za mchele kwa posho ya mlo wa siku akapata jibu la karibu. Pendekezo langu, ambalo bado liko mezani, ni kwamba vyakula navyo viingizwe katika mkataba wa aina hiyo, pamoja na mahitaji ya kambi nyingine ili jumla isisomeke kwa kambi moja.

Na malipo. Agizo la pili la viazi lilipotoka, akina mama walileta nusu tu ya kilichoagizwa. Sikuuona huo kuwa uvunjaji wa mkataba uliotokana na uzembe, nikaandika hivyo katika taarifa, pamoja na ombi kwamba kila shehena ilipwe kivyake badala ya kusubiri ankara ya robo nzima. Ombi hilo limekubaliwa kwa viazi na mboga. Maelezo mapya ya blanketi yana mistari kumi na minne, wa kwanza ukitaja uzito kwa gramu na wa pili ukidai sampuli, na timu iliyoyaandika ilikuwa na sajenti wa stoo, aliyekuja na mizani yake.